Alama ya Pupa

Shangazi yangu alifukuzwa kazi kwa mkwaruzo mfupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Nautaja urefu kwa sababu niliupima mwenyewe, lakini tusirukie huko.

Alifanya usafi kwa Mwenyekiti miaka kumi na tisa. Mwenyekiti wa nini? Wa chama cha walenga shabaha, wale wanaokutana Jumamosi mchana kutoboa makaratasi na kusifiana. Ana bastola aliyorithi kwa baba yake, nyeusi tii, vishikio vya mti mwekundu, na huiweka kwenye kabati la kioo sebuleni kama wengine wanavyoweka picha ya harusi. Siku moja, mbele ya wageni, alimwita shangazi kutoka jikoni akamwonyesha alama ubavuni mwa bastola.

"Umeisugua na waya wako wa masufuria?"

"Mimi nafuta kioo tu, baba. Ufunguo wa kabati unao wewe."

"Kwa hiyo imejikwaruza yenyewe?"

Wageni wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma, si kufukuzwa. Kabla jua halijatua mtaa mzima ulikuwa na habari, na mtaa naujua maana mara nyingi spika yake ni mimi. Wakambatiza Mama Waya. Akiingia kwa mtu, wenye nyumba wanasogeza televisheni. Alizunguka kuomba kazi mpaka soli zikaisha, na kila mlango jibu lilikuwa moja: tutakuita. Mwanamke ambaye kwake palikuwa hapakosi watu akaanza kunywa chai peke yake.

"Niache na aibu yangu," aliniambia. Nikasema moyoni: subiri.

Mimi kazi yangu ni kung'arisha silaha. Karakana yetu ndiyo pekee mjini yenye kibali. Fundi Mkuu anashughulika na matumbo ya bunduki, mimi na ngozi zake. Kutu, jasho la viganja, mbao zilizopauka, michubuko ya mikanda, vyote huishia mezani kwangu. Wateja wangu ni wanaume wazima wanaoweza kulia kwa ajili ya doa. Nimewabembeleza wengi.

Miezi minne baadaye Mwenyekiti akaingia, bastola imeviringishwa kwenye flana kama kichanga. Hakunijua. Miaka kumi na tisa hakuwahi kumuuliza shangazi kama ana ndugu.

"Kuna mshenzi kaniharibia," akasema. "Iondoe hii. Mwezi ujao tuna maonyesho ya silaha kongwe, nataka watu wajione sura humo."

Nikaigeuza kwenye taa. Alama ilijipinda kama mwezi mchanga, chini kidogo ya kile kipini kinachoshikilia bastola nzima isiachane. Kipini hicho kina mkia. Unapoifunga bastola baada ya kuisafisha ndani, mkia sharti uinuliwe kidogo ndipo kipini kiingie. Mwenye haraka hainui. Anakandamiza tu, na mkia unachora upinde kwenye chuma. Hakuna waya wala kitambaa kinachoweza kuchora upinde ule. Karakana tunauita alama ya pupa.

"Nani huwa anaifungua na kuifunga, mzee?" niliuliza, sauti laini kama mafuta.

"Nani mwingine? Hata mke wangu haigusi. Naifunga nimefumba macho!"

"Basi niilete vipande vipande, uifunge mbele ya watu. Kuonyesha wanaonyesha wote. Kufunga je?"

Macho yakamwaka. "We binti una akili."

Fundi Mkuu alisubiri mteja atoke. "Unapika nini, we Msasa?"

"Napika kazi nzuri tu, bosi."

Na niliifanya. Kwanza nikaipiga picha pamoja na rula, ndio utaratibu wetu kwa kila kinachoingia. Kisha msasa wa maji, kutoka mkali hadi ule laini usiousikia kidoleni. Kisha dawa ya weusi. Vishikio nikavinywesha mafuta kwa dole gumba, siku tatu mfululizo. Sijawahi kumfanyia hivyo mtu ninayempenda. Chuki nayo ina mikono mizuri.

Wiki ya maonyesho nikapita kwa kinyozi wao, nikaacha neno moja tu: eti Katibu wa chama anaweza kuifunga bastola kama ile kwa sekunde arobaini. Neno lilifika kwa Mwenyekiti kabla sijafika nyumbani.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Shangazi nilimvuta kwa nguvu. Akakaa nyuma karibu na mlango, mkoba magotini kama ngao. Nikapanga vipande juu ya kitambaa cheupe. Mkufunzi wao mstaafu, mzee wa miwani minene, alivipitia kimoja kimoja kwa lenzi.

"Safi kama yai," akatangaza. "Hakuna hata alama."

Katibu akatoa saa. Mwenyekiti akakunja mikono ya shati.

"Ishirini!" wakahesabu. Jasho likamtoka. "Thelathini!" Akashika kipini. Akaona kinagoma. "Thelathini na tano!" Akakandamiza.

Krrr.

Mlio mdogo, lakini katika chumba cha watu wale ilikuwa kama mtoto kadondoshwa sakafuni. Mkufunzi akaichukua bastola, akainamia lenzi.

"Mwenyekiti, umeikwaruza mwenyewe. Alama ya pupa hii."

Nikaweka picha yangu pembeni. "Na hii je, mzee? Ndiyo alama niliyoiondoa mwezi uliopita."

Akatazama huku, akatazama kule. "Mahali palepale. Mkono uleule."

Wale wageni wa siku ile walikuwemo, mstari wa pili. Niliwaona wakigeuka mmoja mmoja, mpaka macho yakafika mlangoni. Shangazi alisimama taratibu, akafungua mkoba wake wazi, akauinamisha watu waone.

"Jamani," akasema, "waya wangu leo nimeuacha nyumbani."

Ukumbi ulipasuka. Mwenyekiti akajaribu kucheka nao, meno yakakataa.

"Mama," akasema chini chini, "njoo Jumatatu. Kazi yako ipo."

"Ulinisema mbele za watu, baba. Watu ndio hawa."

"Nilikusingizia."

"Kwa sauti. Huku mlangoni hatusikii."

"Nilikusingizia!"

"Haya. Kazi sitaki. Kesho utakwaruza gari, niambiwe ni mimi."

Siku hizi kwa shangazi hapana pa kukaa. Wale waliokuwa wanasogeza televisheni wanagombea viti, wanataka aisimulie tena, na akifika kwenye ule mlio wanaitikia wote: krrr! Kazi amepata kwa mkufunzi. Kakabidhiwa funguo zote, hata za kabati la silaha.

Mwenyekiti alirudi karakana na flana yake. Nilimtazama Fundi Mkuu. Fundi Mkuu akatazama dari.

"Kazi nyingi, mzee," nikasema. "Foleni yetu anaipanga shangazi yangu."

Kila Jumatatu anapiga simu. Nami kila Jumatatu namuuliza shangazi, akiwa anamimina chai kwa mgeni wa nane au wa tisa.

"Mwambie bado," anasema. "Asiwe na pupa."