Diski ya Kaaha

Kisanduku chenyewe hakikuzidi mkate kwa ukubwa, na Dekow alikiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo kila aingiaye sebuleni angekiona kabla hajaketi. Nyuma yake zilitoka waya mbili, wa stima na wa mtandao, na huo wa pili aliupitisha ukutani kwa misumari aliyoigongomea kwa kipimo, shubiri moja kati ya msumari na msumari. Ndani yake diski tatu zilinguruma taratibu. Humo mlikuwa na kazi yake yote: filamu alizokuwa akizikodisha dukani enzi za kanda, na harusi za watu, mia tatu na ushee, kuanzia Liboi hadi Bute.

Binti yake, Idman, ndiye aliyekinunua Nairobi na kukituma. Alitaka pia kumtuma fundi.

"Abo, ni kazi ya nusu saa," alisema kwenye simu.

"Basi mimi itanichukua wiki nzima, na wiki ikiisha nitakuwa ninakijua."

Ilimchukua wiki tano. Alisoma kijitabu cha maelekezo kwa kamusi iliyo wazi mapajani, mstari kwa mstari, akaelewa kwamba seva ni mtumishi tu: kompyuta isiyo na kioo, inayokaa pembeni ikiwa na filamu zote, na kumpelekea kila mwenye runinga au simu mle nyumbani ile aliyoiomba. Akajifunza kuzipa faili majina kwa utaratibu, jina kwanza kisha mwaka, maana mashine ikikosa utaratibu huo huokota bango lolote mtandaoni na kulitundika mbele ya filamu. Harusi ya jirani yake Yahye, iliyofanyika Liboi, ilitundikiwa mzungu mwenye bastola. Dekow alicheka peke yake mpaka akatoa miwani, kisha akaisahihisha.

Alipomaliza, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kila kitu isipokuwa kimoja, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo.

Harusi za kwao, za Wasomali, zina pande mbili. Wanaume hukaa upande wao, wakala, wakamsikiliza sheikh, wakatawanyika. Wanawake hubaki upande wao, mlango ukafungwa, shungi zikavuliwa, nywele zikafumuliwa, ngoma ikapigwa na buraanbur, mashairi ya wanawake, yakatungwa papo hapo kwa kupokezana. Mwanamume haingii humo, wala kamera ya mwanamume haiingii. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na sita biashara yao ilikuwa ya kamera mbili: Dekow upande wa wanaume, mkewe Kaaha upande wa wanawake. Wanawake walikubali kuvua shungi mbele ya lenzi kwa sababu aliyeishika ni Kaaha, na kwa sababu aliwaambia siku ya kwanza kabisa kwamba alichopewa na mwanamke atamrudishia mwanamke. Kanda aliitia mkononi mwa bibi harusi au mama yake. Hakumpa dereva, hakumpa mume. Nakala alizibakiza kwenye sanduku la bati lenye ufunguo aliouvaa kiunoni, na kanda zilipopitwa na wakati akazihamishia kwenye diski moja aliyoitia doa la rangi ya kucha, nyekundu, ili isichanganyike na za mumewe.

Kaaha alifariki mwaka juzi. Arubaini ilipopita, Dekow alianza kuitafuta sauti yake. Alipekua kanda zake zote. Aliwapata masheikh, madalali wa ngamia na vichekesho vyao, jenereta iliyokuwa ikikohoa Wajir, hata watu aliosahau kwamba walikwisha kufa. Kaaha hakuwemo. Mwenye kushika kamera hapigwi picha, na simu yake ilikuwa kuukuu isiyohifadhi hata ujumbe mmoja wa sauti. Mke wake alikuwa ameongea maisha yake yote, na mahali pekee alipobaki akiongea ni nyuma ya mlango ule uliofungwa.

Ijumaa moja asubuhi aliitoa ile diski kabatini kuifuta vumbi, akaichomeka kuona kama bado iko hai. Ikatoa mlio: tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Kila aliyesoma kijitabu kile alijua maana ya mlio huo. Diski ilikuwa inakufa, na hakuwa na siku nyingi.

Alichofanya baadaye alijiambia nafsini kuwa ni wajibu. Alizihamisha faili zote kwenye diski mpya, ya nne, akaipachika ndani ya kisanduku bila kufungua hata moja. Zilikuwa na nambari tu, hazikuwa na majina. Aliziweka kwenye folda aliyoiita Amana. Mashine haina macho, alijiambia; kunakili si kutazama. Kijitabu kilikuwa na sura ya kumi na moja, juu ya watumiaji na kufuli, jinsi ya kufanya mmoja aone hiki na mwingine asikione. Sura hiyo aliiruka. Nyumba ilikuwa ya mtu mmoja.

Alasiri, baada ya swala, aliwakaribisha Abdiwahab na Yahye waje waone. Abdiwahab, dalali wa mifugo wa makamo, ambaye mama yake, Nurto, alikuwa jirani yao zamani, aliingia akikitazama kisanduku kwa kejeli.

"Adeer, ami yangu, wiki tano umejifungia kwa ajili ya hiki? Mbuzi angekuwa amebeba mimba tayari."

"Mbuzi wako angeweza kukuonyesha harusi ya Yahye?"

"Harusi ya Yahye niliiona kwa macho yangu. Alikuwa mwembamba hata koti lilimvaa yeye."

Yahye, mwalimu mkuu mstaafu, alipokea birika la chai kana kwamba hakusikia. "Washa, Dekow. Huyu akishaona ngamia atanyamaza."

Dekow aliishika rimoti akabonyeza. Alikuwa amelifanyia mazoezi tendo hilo. Alijua skrini ingefunguka na mabango kwa safu, filamu juu, harusi chini. Asilolijua ni kwamba mashine, ikipokea vitu vipya, huvitangaza yenyewe, kwa safu ya kwanza kabisa, chini ya maneno "Vilivyoongezwa Karibuni." Na kwa kuwa vile vipya havikuwa na mabango, ilikuwa imeingia ndani ya kila kimoja, ikachagua picha moja katikati, ikaitundika.

Wanawake walijaa skrini nzima. Vichwa vitupu, nywele mpaka kiunoni, mikono juu, vinywa wazi kwa kicheko. Mbele kabisa mwanamke mnene aliyevaa gauni la dirac la kijani alikuwa amefumba macho, akicheza.

"Zima!" Abdiwahab aliruka, chai ikamwagika. "Zima, adeer! Yule ni mama yangu!"

Dekow alibonyeza, akabonyeza tena, safu ikasogea kando ikaleta wengine. Aliitupa rimoti, akaenda ukutani akaung'oa waya wa stima. Skrini ikawa nyeusi. Yahye alikuwa ameinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

Diski zikapunguza mwendo ndani ya kisanduku.

"Zifute," Abdiwahab alisema. Sauti yake ilikuwa chini kuliko alivyotarajia Dekow, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa hivi. Mbele yangu."

"Nipe mpaka kesho."

"Kwa nini kesho? Leo unataka kuzifanyia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Dekow, aliyezoea kuwa na jibu la kila swali pale mtaani, aliinama akaiokota rimoti.

"Abdiwahab," Yahye alisema bila kuinua uso, "si zako za kufuta. Wala si zake. Waulizwe wenyewe."

Asubuhi ya pili yake Dekow aliketi mbele ya kompyuta yake ya mezani. Alijua, maana alisoma, kwamba picha na sauti ndani ya faili ni vitu viwili vilivyoshonwa pamoja, na mtu akitaka anaweza kuvifumua. Angeweza kuzitenga sauti peke yake. Picha asingeiona, leo wala kesho, na angeapa kwa hilo mbele ya yeyote. Aliandika amri yote. Ilibaki kubonyeza mara moja.

Kidole kilikaa hapo. Alimwaza Kaaha akirudi kutoka harusini, akivua viatu mlangoni, akitabasamu kwa jambo alilolisikia kule, na jinsi ambavyo katika miaka yote ile hakumwambia hata moja, na yeye hakuuliza. Mle ndani hakuwa peke yake. Palikuwa na mama yake Abdiwahab akimtania bibi harusi, palikuwa na maneno juu ya waume, pengine juu ya Dekow pia. Walisema kwa sababu yeye alikuwa nje.

Aliifuta amri herufi moja moja.

Saynab alikuja kabla ya adhuhuri, bila kubisha. Huyu ndiye aliyekuwa akimshikia Kaaha taa kwenye harusi zote zile, na sasa alikuwa bibi mwenye magoti mabovu na ulimi uliokuwa bado mzima. Hakukaa.

"Baba Idman, nani kaona?"

"Wanaume wawili. Na mimi. Safu ya picha, kisha nikang'oa waya."

"Umefungua?"

"Sijafungua."

"Hata kidogo?"

"Nilitaka kusikia sauti yake," Dekow alisema. "Nilikaribia. Sikufungua."

Saynab akavuta kiti, akaketi kwa kuguna.

"Nurto amelia usiku kucha, kisha leo asubuhi ameniuliza kitu. Ameuliza kama nimemwona alivyokuwa akicheza. Nikamwambia mimi sikuwepo sebuleni kwako. Akasema, 'Natamani nijione mwenyewe.' Kanda yake iliungua na nyumba yao ya kwanza. Wako wengi kama yeye. Abdiwahab anataka zifutwe. Sisi hatutaki."

"Basi kisanduku ni chenu."

"Nani ataniwekea? Idman yuko Nairobi, na wasichana wa hapa wanajua simu tu."

Dekow alikitazama kisanduku, misumari yake, waya ulionyooka kama mstari wa daftari. "Nitakuja mimi," akasema.

Aliahidi mbele ya Abdiwahab kwamba hataigeukia runinga hata mara moja, na Abdiwahab akampa mkono. Jumatatu asubuhi alizitoa diski zake tatu, filamu na harusi za wanaume, akazifungia kwenye droo. Kisanduku alikibeba mwenyewe hadi kwa Saynab, kikiwa na diski moja tu. Akakiunganisha na runinga ikiwa imezimwa. Kisha akageuza kiti kikaelekea mlangoni, akaketi, mgongo kwa skrini, kijitabu mkononi. Mlango uliachwa wazi.

"Washa. Unaona nini?"

"Herufi."

"Zisome."

"Hivi, wewe uliyezoea kutufundisha kila kitu, leo unatufundisha kwa kisogo?"

"Soma, Saynab."

Walianza na sura ya kumi na moja. Alimwonyesha kwa maneno matupu jinsi ya kufungua jina la kila mwanamke na kumpa nywila yake, ili kila mmoja aone harusi yake na alizoalikwa, asione nyingine. Saynab alikosea, akalaani, akarudia. Kila alipokosea, mwili wa Dekow ulitaka kugeuka umchukulie rimoti. Kila mara alishika magoti yake. Alishangaa jinsi alivyokuwa akisikiliza. Wiki tano alikuwa amekisoma kile kitabu, na hakuwahi kukieleza kwa mtu ambaye macho yake ndiyo yaliyokuwa ya kutegemewa.

Adhana ilikuwa karibu walipomaliza. "Sasa jaribu moja," alisema. "Mimi natoka."

"Subiri." Saynab alikuwa akibonyeza. "Kaaha alikuwa akifika mapema kila mara. Kabla hawajaja alijaribu kamera. Unajua hilo?"

"Sijui."

"Hii hapa ni chumba kitupu. Viti na pazia. Hamna mtu. Unaweza kugeuka, Baba Idman, hamna dhambi humu."

Hakugeuka. Aliutazama ua wa Saynab, ndoo, kamba ya nguo, mbuzi mmoja aliyekuwa akitafuna boksi. "Iache icheze," akasema.

Kwanza palisikika kiti kikiburutwa. Kisha pumzi ya mtu anayeinua kitu kizito begani. Halafu Kaaha akahesabu, polepole, kama mtu anayezungumza na mashine asiyoiamini: kow, laba, saddex. Akakohoa. "Dekow amesema betri imejaa," alisema, peke yake katika chumba kile. "Dekow na betri zake." Akacheka kidogo, akaanza kuimba wimbo usio na maneno, hatua zake zikienda upande huu na huu, zikipima chumba.

Dekow alikuwa ameziba mdomo kwa kijitabu.

Wimbo ukakatika. Mbali, ndani ya kanda, mlango ulifunguliwa, ndala zikaburutika sakafuni, sauti za wanawake zikatoa salamu, mmoja akicheka tayari kabla hajaingia.

Dekow alisimama.

"Wageni wamefika," alisema. Akatoka bila kugeuka, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba chenye watu.