Posa ya Nyuki Chukwani

Ijumaa baada ya sala, Bwana Majid alikuwa ukumbini kwake Chukwani akishona chandarua. Ni mtafiti wa mbegu, na mibaazi yake huifunika ili nyuki wasiichanganye na ya jirani, Bi Bashira. Alitaka mbegu safi. Safi ilikuwa safi kweli, ila kila msimu maganda yalizidi kusinyaa, na hilo hakupenda kuulizwa.

Nyuki wakapiga hodi.

"Karibuni," akasema Khawla, bintiye, akawatandikia mkeka.

Walijipangusa chavua miguuni wakaiacha kizingitini, panapowekwa viatu, wasije wakaambiwa wameanza kuchavusha kabla ya posa kujibiwa. Kahawa waliikataa kwa adabu. Halua hawakuikataa.

"Shikamoo, Bwana Majid," akasema mkubwa wao. "Tumetumwa na mbaazi wa Bi Bashira. Unauposa mbaazi wako wa pembeni."

"Marahaba. Ukoo wake?"

"Mchanganyiko mtupu. Lakini jua haliuwezi, na unazaa mpaka matawi yanainama."

Waliokuja kwa mlango hawafukuzwi. Majid akatoka uani, akauuliza mbaazi wake. Ukanyamaza. Kimya cha mwari ni ridhaa, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Akaondoa chandarua.

Msimu uliofuata maganda yalijaa vizuri. Majid akawa hanyamazi, kila mgeni aliyelishwa mbaazi za nazi aliambiwa damu ngeni ina baraka. Sahani moja akampelekea Bi Bashira.

"Sasa sisi jamaa," akamwambia.

Bi Bashira akaona mambo ndiyo hayo. Mwanawe Masoud, fundi wa mageti Mlandege, alipendana na Khawla, na posa yake ilikuwa imerudishwa mara mbili kwa kuwa ukoo wake haujulikani. Akatuma tena washenga, wazee wenye vilemba. Nyuki nao wakaja kusikiliza, wakakaa pembeni karibu na halua.

"Khawla!" Majid akaita.

"Naam, baba."

"Wazee hawa wamekuja kukuposea Masoud. Wasemaje?"

"Nnamtaka, baba. Nshasema tangu mwaka jana."

Majid akawageukia washenga.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Hakunyamaza. Basi hakuridhia."

Wazee wakatazamana, wakavaa viatu vyao. Nyuki wakamaliza halua, wakaokota chavua yao kizingitini.

Jioni Majid alikitafuta kile chandarua, akakitundika dirishani kwa Khawla.