Nguo ya Bomba la Munira

Bomba la moshi la tanuri la Munira limepita ubavuni mwa meza anayokandia unga. Lilishamchoma mkono, ngozi ikabaki bombani. Chumba chake pale Tandika ni chembamba, meza haina pa kwenda. Akaniambia, "Leonardi, ukishindwa kulivisha hilo bomba, mie naacha mikate."

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Vyuma navijua, vitambaa sivijui. Nikamwita Abdulrahman, anayeuza vifaa vya viwandani Chang'ombe, aje na sampuli.

Alikuja na vitambaa viwili. Cha kwanza cheupe, nyuzi za kioo tupu. Nilikishika tu nikaanza kujikuna. Munira akakikung'uta, vumbi la kioo likameta mezani.

"Hiki wauzie maadui zako," akasema.

Cha pili kilikuwa cha kijivu: kioo hichohicho, ila kimepakwa silikoni. Laini kama mpira, hakitoi nyuzi, mafuta yakimwagika unafuta. Nikakikunja, nikakinusa, nikawasha grenda nikakirushia cheche. Zilidunda zikazimika.

"Hakiungui hicho, fundi," Abdulrahman akajisifu. "Kinazuia moto."

Nilishashika mkasi. Munira akanidaka mkono.

"Subiri. Hakiungui chenyewe, au siungui mie?"

Miaka yote nikisikia "kinazuia moto" naona cheche na miali. Moto wa chuma kilichokaa kimya sikuwahi kuuulizia.

"Tujaribu," nikasema.

Nikafunga tabaka moja bombani, tanuri likawashwa. Munira akabandika donge la unga juu ya kitambaa. Kitambaa kilitulia tuli. Unga ukatoa malengelenge, ukaiva.

"Hongera, kaka," akamwambia Abdulrahman. "Umeniletea kikaango."

"Dada, kitambaa hakina kosa! Hilo ni shati la nje. Ndani linataka sufi ya mawe, ile pamba ya mawe yaliyoyeyushwa, ndiyo inayokamata joto."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza."

Kesho yake aliileta. Nikalizungushia bomba sufi, juu yake kitambaa cha kijivu, nikakaza kwa waya. Mikate ilipotoka tanurini, Munira akaweka kiganja bombani, akakitoa, akakirudisha.

"Likoje?" nikauliza.

"Kama paji la mtoto mwenye homa." Akafikiri. "Na mtoto mwenye homa huwezi kumwacha hivyo. Ongeza."

Nikafungua waya, nikaongeza sufi. Safari hii alipogusa, alikiacha kiganja palepale. Alichota unga akaanza kukanda, kiwiko kikisugua bomba, huku akimuuliza Abdulrahman kama kitambaa kile, kikitiwa sufi ndani, kinashoneka glavu.