Kiinitete Kilicholala Uani

Jumatano moja ya Februari, mjini Aarhus, Bodil Tranberg alikula mkate wake mweusi wa maini akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake cha chumba cha kahawa kilikuwa na mtu. Sidsel Krogh, dereva wa treni za mjini, alikuwa amekikalia tangu asubuhi na sare yake ya kazi, akingoja habari za kiinitete chake. Bodil ndiye mlezi wa viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, katika zahanati moja ya uzazi mjini hapo. Huvitazama kwa hadubini, huvibadilishia maji ya chakula, na kile kinachoshindwa kupasua ganda lake hukitoboa kitundu kwa mwali wa leza, ili kitoke kikajishikize kwenye mji wa mimba.

Cha Sidsel kilitobolewa tangu jana yake. Kilikuwa kimenenepa vizuri, ila hakitoki.

"Kwani kinafanya nini humo ndani?" Sidsel aliuliza.

"Kimekaa tu."

"Mimi treni yangu ikichelewa kidogo, mji mzima unanitukana. Hiki kinachelewa tangu jana, nanyi mnakibembeleza."

"Uvivu huo kimerithi kwa nani?"

"Kwa baba yake. Jeppe hajawahi kuamka kabla ya kengele ya tatu."

Wakacheka, lakini si sana. Kesho yake Sidsel angetimiza miaka arobaini na mmoja, na kanuni ya zahanati ile ilisema mwanamke akifikia umri huo hapandikizwi tena, hata kama kiinitete chake kiko mezani kinampungia mkono. Tena hicho kilikuwa cha mwisho. Hakuwa na kingine, wala asingepata.

Bodil alirudi maabara akachungulia tena. Kiinitete kilikuwa kimejisogeza mpaka kwenye tundu, kikatazama, kisha kikageukia upande wa pili. Roho ilimuuma. Alikitazama kiatamizi, kile kikabati cha kutunzia viinitete, chenye joto, giza na hewa iliyopimwa, akajiona mjinga. Nani amewahi kumlaza mtoto wa Kidenmark mahali kama hapo? Mtoto wa nchi ile hulazwa nje mchana, ndani ya kigari, baridi ikimfinya mashavu, mama yake yuko ndani anakunywa kahawa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hiki walikuwa hawajaanza kukilea.

Kwenye banda la baiskeli kulikuwa na kigari kilichoachwa na mama mmoja aliyejifungua pacha na kuhitaji kipana zaidi. Bodil alikitandika, akakiweka kisahani chenye kiinitete juu ya mto, akakifunika kwa shuka nene la manyoya ya bata bukini na kukisukuma hadi uani. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Sidsel akashuka, akashika mpini na kuanza kukitikisa kigari bila kuambiwa.

Hawakungoja sana. Ulisikika mlio mdogo, kama yai la kuchemsha likigongwa ukingoni mwa sahani, na baada yake mkoromo.

"Ametoka," alisema Bodil.

"Mkoromo wa Jeppe huo, hakuna wa kubisha," alisema Sidsel, na machozi yakamtoka hapohapo.

Wakati huohuo daktari Troels Ravn alikuwa akitoka mlangoni, kofia ya baiskeli kichwani. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Troels, rudi juu mwenzangu," Bodil akamwita. "Mtoto wa Sidsel ametoka. Kumpandikiza ni kazi ya muda mfupi tu."

Troels aliinama akafunua shuka kidogo. "Ala! Mzuri kweli. Hongera, Sidsel." Kisha akatazama saa yake. "Ila nawafuata wanangu chekechea. Leo zamu yangu."

"Leo ndiyo mwisho wake, unajua."

"Najua, jamani. Lakini watoto hawangoji."

Alisema kwa upole, kwa kuwa ni mtu mpole, akapanda baiskeli yake yenye sanduku la watoto mbele. Madaktari wengine walikwisha kwenda kuwachukua wa kwao. Katika mji ule hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Bodil mwenyewe alilea watatu hivyohivyo, kila siku saa tisa na nusu yuko mlangoni, na hakuwahi kujiuliza nani alibaki nyuma yake.

Alhamisi Sidsel alileta keki, maana kule mwenye siku yake ya kuzaliwa ndiye anayewalisha wenzake. Ilikuwa keki yenye umbo la mwanamke, na bendera ndogo imechomekwa tumboni. Alipoikata shingo wote walipiga kelele, kama desturi inavyotaka. Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema ufike ukute pamefungwa. Troels alikula vipande viwili akiwa na huzuni ya kweli.

"Ingekuwa jana tu, Sidsel."

"Jana nilikuwepo."

"Kweli, ulikuwepo," alikubali Troels, akamwongezea kahawa.

Siku hizi zahanati ina vigari uani safu nzima, na viinitete vya wanawake walio chini ya umri ule hutoka magandani kimoja baada ya kingine. Wageni wamekuja kutoka Oslo kujifunza, wakarudi kwao wakauliza bei ya manyoya ya bata bukini. Kanuni haijaguswa. Kigari cha kwanza nacho hakihamishwi, kiko palepale karibu na banda. Aliyemo hakui wala hafi, anakoroma tu, na Sidsel akimaliza zamu huja na sare yake kumtikisa.

Saa tisa na nusu Troels hupita na kofia yake.

"Bado amelala?"

"Amelala."

"Basi usimwamshe," hunong'ona, kisha hukanyaga baiskeli kwa nguvu, awawahi wanawe.