Kidonda cha Kina Mama Watano

Mimi Wamaitha nina watoto watano na kidonda kimoja mguuni. Obura, dresa anayetufunga vidonda katika zahanati ya shamba tunalofanyia kazi hapa Njoro, huwafokea wanaorudi: "Wewe tena? Dawa yangu umeitupa wapi?" Mimi sipendi kufokewa. Basi kila wiki nilimpa jina la mtoto mwingine: Mama Hiram, Mama Ngigi, Mama Wachuka, Mama Karanja, Mama Wariara. Aliandika tu bila kuinua macho. Anaijua kalamu kuliko nyuso zetu.

Mwaka huu, 1957, daktari wa wilaya alikuja kulinganisha madaftari ya zahanati zote. Alipolifikia letu akatabasamu.

"Wanawake watano wenye vidonda, na hakuna hata mmoja aliyerudi! Obura, umewaponya wote. Nitawaambia wengine waje kujifunza kwako."

Obura akavimba kichwa. Nami nilikuwa kwenye foleni, nasikia kila neno. Nikajikokota mpaka mezani, nikafungua kitambaa cha kidonda mbele ya daktari.

"Jina?" akauliza Obura, macho daftarini.

"Andika lolote, mwanangu," nikamwambia. "Majina ya watoto yameniishia, na kidonda bado kipo."