Agizo la Arkadi Lvovich

Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka 1978, wachezaji wa Kuznets, timu yetu ya mpira, walikuwa kambini msituni, wakila uji mzito wa grechka, ile nafaka ya kahawia, na kababu za samaki. Kambi yao ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka mjini kwetu Starokamsk: jengo la ghorofa moja, uwanja wa mazoezi, uzio wa mbao na geti. Siku tatu kabla ya kila mechi timu ilifungiwa humo, wake nje, pombe nje. Ndivyo klabu zote zilivyofanya, na hakuna aliyelalamika ila wake.

Kipa Rodion Lapshin aliinuka mezani akamwendea kocha, Arkadi Lvovich, aliyekuwa akimenya yai.

"Kocha, Nelli kapelekwa wodi ya wazazi asubuhi hii. Nipe saa mbili tu. Nikasimame chini ya dirisha, maana akina baba hawaruhusiwi ndani, anionyeshe mtoto, nirudi."

"Kwani wewe ndiye unayezaa?"

"Mwache aende, kocha," akasema beki Gurov. "Labda wakunga watamfundisha kudaka."

Meza nzima ikacheka. Arkadi Lvovich hakucheka. Alikuwa amepoteza mechi sita mfululizo. Aligonga glasi kwa kijiko.

"Sikilizeni nyote. Hatoki mtu hapa mpaka tushinde."

Jumamosi walitoka sare, na basi likawarudisha kambini. Rodion akavuka geti kwa miguu, akafuata barabara ya misonobari kuelekea mjini, na baada ya dakika ishirini akajikuta anaingia tena kwenye jiko la kambi. Mpishi, Zoya Kuzminichna, alimwambia apanguse viatu. Wengine walijaribu kupitia mtoni, wakatokea jikoni vilevile, wakiwa wamelowa. Zoya akatandika gunia mlangoni.

Mechi waliendelea kucheza. Basi liliwapeleka viwanjani na kuwarudisha, na dirishani waliona nyumba zao zikipita. Walitoka sare au walifungwa. Hawakuzeeka, kwa sababu fomu za usajili zilionyesha umri wao wa mwaka ule, na Kuznets ni klabu inayoheshimu karatasi. Rodion alibaki na miaka ishirini na minne. Nasema kweli, na aibu ninayo mpaka leo: sisi watu wa mjini ilitufaa. Timu isiyozeeka, isiyonyang'anywa mchezaji na klabu za Moscow, nani angeikataa? Tuliwashangilia, tukawazomea, tukaenda zetu kunywa.

Kila Jumapili wake walikuja kusimama uzioni. Nelli alimleta mtoto, Ulyana, kwanza mikononi, kisha akitembea, kisha akiwa na mkoba wa shule. Mwaka wa kumi na moja Nelli akaolewa na fundi wa reli, mtu mwema, akaacha kuja. Ulyana hakuacha.

Arkadi Lvovich, ambaye siku zote alilala kwake, alizeeka kama watu wengine akafa kwa ugonjwa wa moyo. Walimchezea wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi. Wakatoka sare.

Mei 2009, Gurov alifunga kwa kichwa. Dakika ya mwisho wapinzani wakapata penalti. Rodion akaruka kushoto, akaudaka mpira, akaukumbatia, na filimbi ilipopulizwa mwamuzi alilazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Kuznets walikuwa wameshinda.

Kambini walioga, wakavaa makoti yao ya 1978. Ulyana alikuwa akisubiri getini na gari. Sasa alikuwa daktari wa meno, na umri wake miaka thelathini. Rodion alipanda mbele. Gari likashika barabara ya mjini, likapinda kwenye misonobari, likasimama mbele ya jiko la kambi. Wenzake walikuwa wamefika tayari, wakipangusa viatu.

Ulyana akaenda ofisini kwa mkurugenzi wa klabu, Stanislav Borisovich.

"Wameshinda. Waachilie."

"Dada yangu, mwaka ule mimi nilikuwa darasa la pili. Sikuwafungia mimi."

"Basi futa agizo. Neno moja tu: nendeni."

"Agizo hulifuta aliyelitoa, naye yuko kaburini. Nikianza kufuta ya wenzangu, kesho na yangu yatafutwa." Hakuwa mtu mbaya. Alimmiminia chai, akampa tiketi ya msimu mzima, ya jukwaa lenye paa.

"Baba yangu hajawahi kulala chini ya paa moja na mimi, Stanislav Borisovich."

"Ndiyo maana nimekupa kiti cha karibu na goli," akasema mkurugenzi.

Rodion alikuwa getini, nywele mbichi, koti wazi.

"Kasemaje?"

Njia nzima Ulyana alikuwa amejiandaa kumwambia ukweli. Alimtazama, kijana mdogo kuliko yeye kwa miaka sita.

"Kasema mmecheza vizuri."

"Uliona nilivyodaka?"

"Niliona, baba."

Akamfunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Alivifunga kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Ingia ndani, utashikwa na mafua," akamwambia, kama mtu amwambiavyo mdogo wake, na Rodion akaingia.

Jumamosi walishinda tena, mabao matatu kwa bila, na mji mzima tukaimba mpaka sauti zikatukauka. Kisha basi likawarudisha kambini.