Sekunde Saba za Kijani

Saa nne asubuhi dada yangu alinipigia simu kazini. Alikuwa amekwenda kumjulia hali baba, ambaye anaishi nami, akaukuta mlango wazi na viatu vya baba havipo.

“Baba katoka. Si wewe ndiye mwenye kamera za mji mzima? Mtafute!”

Kazi yangu ni kutunza makasha ya chuma yaliyosimama kwenye njia panda. Ndani ya kila kasha mna kompyuta inayotazama barabara, kuhesabu magari na watu, na kuamua papo hapo taa ziwake vipi, bila kusubiri amri ya makao makuu. Picha hazitoki humo. Hufutika baada ya dakika ishirini. Kuzifungua kunahitaji funguo mbili za watu wawili. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Mwenzangu alihamishwa, hakuletwa mwingine, na ufunguo wake umo katika droo yangu.

“Siwezi, dada. Mtu mmoja hafungui.”

“Huwezi au hutaki? Baba anasahau hata jina lake!”

“Kanuni haina baba.”

“Basi hayo makasha ndiyo uliyoyaoa. Yakupikie.” Akakata simu.

Nilivuta droo, nikautazama ufunguo. Bweni lilinilea tangu nina miaka kumi na miwili, likanifunza kutii hata mwalimu akiwa hayupo. Nikaifunga droo.

Hesabu, hata hivyo, ilikuwa halali yangu kuisoma. Kasha likimwona mtu anavuka polepole, humwongezea sekunde za taa ya kijani na kuandika mahali na saa, bila kuandika ni nani. Njia panda ya zahanati, saa tatu na nusu: sekunde saba. Ya posta, robo saa baadaye: saba. Ya soko iliandikwa nikiwa natazama: saba.

Angeweza kuwa mzee yeyote. Lakini safari hiyo ilianzia karibu na nyumbani na kufuata barabara ambayo baba alinisindikiza kila muhula, sanduku langu begani mwake, hadi stendi ya mabasi. Stendi ilikwisha kuhamishwa miaka mingi iliyopita. Nikatoka mbio, mimi nisiyekimbia mbele za watu.

Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa saruji, nje ya uwanja mtupu wa stendi hiyo ya zamani. Koti alikuwa amelifunga vifungo vyote.

“Bwana,” aliniambia, “hukumwona mwanangu? Basi lake limeondoka. Hakugeuka hata kunipungia.”

Ni kweli, sikugeuka. Wenzangu wa shule walikuwa wakinitazama dirishani mwa basi.

“Ni mimi, baba.”

Alinikagua toka kichwani hadi miguuni. “Acha utani. Wangu mdogo, na hajui kuchana nywele.”

Nilimwita dada. Alifika na teksi, akamkumbatia baba, ndipo akanigeukia.

“Umempataje?”

“Kwa hesabu.”

“Na kama hesabu isingetosha?”

Droo ingebaki imefungwa, naye alilijua hilo.

“Atakaa kwangu,” alisema.

Sikubisha. Nilimshika baba mkono hadi akaketi ndani ya teksi, nikaingiza pindo la koti lake lisibanwe na mlango. Alinishukuru kwa heshima kubwa, kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Teksi ilipoondoka nilipunga mkono. Hakuna aliyegeuka.